Kiboko alikula bustani yangu siku niliyoahidi kulisha jumuiya, tukapika kilichobaki

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeona nami nilete uzi. Hii sio chai. Wa Musoma mliomo humu mnawajua viboko wetu, nyie mtaniamini wa kwanza. Wengine someni taratibu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Musoma, sio mbali na Iringo, upande wa kuelekea ziwani. Nashona nguo nyumbani. Nyuma ya nyumba tuna kieneo kinachoteremka mpaka karibu na matete. Zamani tulikuwaga tunalima mahindi matupu hapo. Mvua ikigoma tunavuna mabua.

Siku moja nikaenda Bunda kumtembelea rafiki yangu Bhoke, anakaa Kabasa. Yeye alishapitia semina ya permaculture, kile kilimo cha kuchanganya miti na mazao pamoja. Nikakuta kiwanja chake kidogo kimechanganyika kila kitu: migomba, mbaazi, viazi vitamu, mapasheni yamepanda juu ya mpera, na ardhi imefunikwa nyasi kavu hadi udongo huuoni.

Nilidhani kashindwa kupalilia. Kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Akanipa mbegu na marando ya viazi, nikarudi navyo Musoma nimevipakata kwenye basi kama mtoto.

Mume wangu, Magesa, hakukataa. Aliuliza tu kama nyoka nao wamo kwenye mpango. Mama mkwe ndiye aliyenikata maini. Anakaa Mwitongo, kule Butiama. Alipokuja kututembelea alisimama mlango wa nyuma, akaangalia weee, halafu akasema kwa upole kabisa kwamba kwao mke wa mtu akiacha shamba liwe hivi, majirani wanakujaga kuuliza kama anaumwa.

Niliumia. Ila sikung'oa hata mche mmoja, na mwaka wa pili migomba, mipapai na mapasheni kwenye mpera wetu wa zamani vikaanza kuzaa.

Sasa tuje kwenye kiini.

Nyuma ya kanisa letu kuna eneo wazi. Sisi wanawake wa jumuiya tuliomba tupewe tulime kwa mtindo huu, tupate mboga za kula na za kuwapelekea wagonjwa na wazee wasio na watu. Baadhi ya wazee wa kanisa walitaka zijengwe fremu za maduka za kupangisha. Mwenyekiti wao, Mzee Mafuru, sio mtu mbaya, lakini hapendi maneno, anataka kuona kitu. Akaniambia Jumamosi jumuiya itasali kwangu, basi niwapikie kutoka bustanini tu, bila kukanyaga sokoni. Chumvi na mafuta akaniruhusu. Watu wakishiba, ombi letu litaongelewa. Wasiposhiba, zinajengwa fremu.

Nikakubali mbele ya wote.

Ulikuwa mwezi wa saba, masika yameshapita, ndio wakati wa kuvuna. Maboga yamelala kila mahali, mchicha mnene, sukuma wiki majani kama sinia, na nyuma kabisa mahindi ya kuchoma. Chakula chote nilishakipanga kichwani. Mama mkwe akaja Ijumaa kunisaidia kupika. Kusaidia kweli au kushuhudia, hapo sikuwa na uhakika.

Jumamosi asubuhi nikafungua mlango wa nyuma.

Wakuu, kiboko hadonoi. Anakula kama anafyeka. Mahindi hakuna. Mchicha hakuna. Sukuma wiki zimebaki vishina. Maboga kayakanyaga, mengine kayapasua, mbegu zimetapakaa mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Marando ya viazi kayanyoa yote, na nyayo zimezama kwenye udongo wangu laini niliouhangaikia.

Nilikaa chini pale kwenye ngazi. Sikulia.

Magesa akaja, akaangalia, akainama karibu yangu. Akasema ataenda sokoni haraka na boda, atarudi na mboga kwenye gunia, na hakuna mtu atakayejua.

Nikamwambia, "Nitajua mimi."

Hakusisitiza. Namshukuru kwa hilo, maana angenibembeleza kidogo tu ningekubali.

Nikaingia kutazama nini kimebaki. Nikachukua kijiti, nikachokonoa pale kwenye marando yaliyonyolewa. Kiazi. Nikasogea. Kiazi kingine. Kiboko alikula majani yote ila chini hakugusa kitu. Magimbi aliyaonja akaacha, jani lina alama ya mdomo na limetemwa pembeni. Mihogo ile ya karibu na ukuta ilikuwa imesimama na majani yake. Mbaazi zilivunjika upande mmoja, lakini matawi yaliyoanguka bado yalikuwa na maganda mabichi yamejaa. Mkungu wa ndizi juu. Mapapai juu. Mapasheni juu kabisa kwenye mpera, wala hakuyaona. Na ndani nilikuwa na karanga zangu, nilishazing'oa na kuzikausha.

Nilipogeuka nikamuona mama mkwe amevua kandambili, amefunga kanga kiunoni, kashika jembe. Akaanza kuchimba viazi.

Tukafanya kazi wakuu. Magesa akapasua kuni na kukata ndizi. Watoto wakapukuchua mbaazi. Mama mkwe akatwanga kisamvu, mimi nikasaga karanga. Kisamvu kikaungwa kwa karanga mpaka kikawa kizito. Mbaazi na ndizi sufuria moja, viazi na magimbi nyingine. Maboga yaliyopasuka nikayaosha, nikakata palipokuwa pazima, yakapikwa pia. Kwa nini nitupe?

(Ushauri wa pembeni: kisamvu usikiharakishe, kiive kabisa. Na magimbi yachemshe vizuri, la sivyo koo litakuwasha mbele za wageni.)

Jumuiya walipofika, kabla ya sala niliwapeleka nyuma kwanza. Sikutaka mtu asikie pembeni. Mzee Mafuru aliweka kiatu chake ndani ya unyayo wa kiboko, kikapotea. Akatikisa kichwa.

Wakasali, wakala. Nilikuwa nasikiliza sauti za vijiko tu. Watu wakarudia sahani. Mama mmoja anayejulikana kwa kuchagua chakula aliomba kisamvu cha kufunga aende nacho.

Mzee Mafuru alimaliza, akanawa, akaniuliza mbele ya wote, "Kiboko akirudi utafanyaje?"

"Nitapanda tena, mzee. Na leo umeshiba."

Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Jibu halikuja siku hiyo. Wazee walikaa vikao vyao, na mwishowe wakagawa: mbele, kwenye barabara, wanajenga fremu, nyuma ni kwetu. Sio chote tulichoomba, ila kipande chetu tumeshakifunika nyasi na Bhoke alikuja kutoka Bunda kutuonyesha pa kuanzia.

Mama mkwe naye kabla hajaondoka aliniomba mbegu za mbaazi na vipande vya mhogo vya kupanda. Hakusema samahani wala sikuihitaji. Juzi alinipigia kutoka Mwitongo kunilalamikia kwamba jirani yake kaja kumuuliza kama anaumwa.

Nilichojifunza: usipande chakula chako chote kwenye kimo kimoja. Weka cha chini, cha katikati na cha juu. Mharibifu atakuja tu, awe kiboko, jua au mvua, na mara nyingi hana uwezo wa kula ghorofa zote. Lingine, ukiahidi mbele za watu, pika ulichonacho.

Mwenye uzoefu wa kuzuia viboko bila kuwaumiza naomba aweke hapa. Nimepanda minyaa ya uzio upande wa matete ila bado midogo. Wiki iliyopita kapita tena, kala kona yote ya mchicha.

Mbegu nimeshamwaga upya, na leo asubuhi zimechomoza.