Opali ya Mama Kwenye Chetezo

Harufu ya udi inapopanda kwenye nyumba ya harusi wenzangu hufurahi; mimi hutoka nje. Hunirudisha mtaani Chumbageni, chumbani kwa mama, mwaka alioolewa mama mdogo Zuhura, nami nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe jeupe kama tui. Ukiligeuza, rangi zilikimbia ndani yake: kijani, mara nyekundu, mara hakuna kitu. Baba, dereva wa malori ya masafa marefu, alilinunua kwa mchuuzi wa Kihabeshi, akaambiwa ni opali, jiwe la thamani. Kila alipokawia safarini, mama aliigeuzageuza pete kidoleni mpaka akatulia.

Mama alimwazima mdogo wake aivae siku ya harusi. Asubuhi ile Bi Rehema, somo aliyemfunda bibi harusi, alikuwa akifukiza nguo na mapambo, kama ilivyo ada. Dhahabu alizilaza kwenye ukingo wa chetezo, karibu kabisa na makaa, na pete ya mama akailaza hapohapo. Dhahabu zilitoka salama zikinukia. Jiwe lilitoka limepauka, limejaa nyufa nyembamba, rangi zote zimekwisha. Bi Rehema, badala ya kuomba radhi, akaangua kicheko, akamwambia mama: "Mwanangu, umevishwa chupa! Jiwe gani la kweli likaharibiwa na udi?" Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko chake kilinitisha kuliko kilio.

Baba aliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamtazama mama, aliyekuwa akimwekea pete kiganjani. "Baba Mwanaidi, mimi umeniletea chupa. Opali umempa nani?" Maskini baba, mawe hakuyajua, aliuziwa, akaamini. Akasema, "Wallahi, niliambiwa tu..." kisha akanyamaza, na mama akauchukulia ukimya ule kuwa ni kukiri. Nilimchukia Bi Rehema, na hadi leo sijaacha. Ugomvi haukwisha mpaka talaka ikatoka. Baba akarudi kwao Mkwaja, na huko ndiko alikozikwa.

Siku hizi ukitilia shaka kitu unakipiga picha kwa simu, ukapata majibu hujainuka kitandani. Sisi tulikuwa na kauli ya Bi Rehema tu. Mwezi uliopita niliipeleka pete, niliyoirithi kwa baba, kwa sonara, nikamsimulia habari ya chetezo. Alilitoa jiwe, akalipima uzito mkononi, akasema kwa ukubwa ule kioo kingekuwa kizito zaidi. Kisha akaligusisha ulimini, likanata. "Hii ni opali, dada. Aina hii hunywa maji, ndiyo maana inanata, kioo hakinati. Ilikuwa na maji yake ndani, ninyi mmeyakausha kwa moto."

Nilimweleza mama yote jikoni. Alilichukua jiwe, akaliweka ulimini, likanata, machozi yakamtiririka. Alipolitoa, akalifuta kwa upindo wa kanga.

"Sasa, Mwanaidi," akaniuliza, "radhi nimwombe nani?"