Redio Aliyokabidhiwa Shemeji Bura

Mimi kampuni siziamini. Nasema mapema, ili mtu asije akanisikiliza mpaka mwisho halafu aseme Mama Patriki ana chuki. Ninayo. Niliipata hapahapa Dongobesh, kwenye baraza ninapouza chai na maandazi, miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, na iliniingia kwa ajili ya shemeji yangu Bura, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na chuki na mtu.

Bura aliishi Tlawi na dada yangu Efrazia. Kila mavuno alishuka Hanang kulinda mashine za kuvunia ngano. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na mashine kubwa kuliko nyumba yake na kuhakikisha haiondoki. Aliifanya vizuri. Hakuna iliyoondoka.

Dada yangu macho yalimwisha. Yalianza kuwasha, akapewa dawa ya kupaka, akapaka, mwisho ikawa giza. Watoto wameolewa mbali. Bura akishuka kwenye ngano, dada anabaki na jirani wa kumchotea maji, lakini maji hayakuwa shida yake. Shida ni kwamba hakujua saa. Alikuwa anaamka usiku wa manane anakoroga uji akidhani kumekucha, kisha anakaa mlangoni kungoja watu wa kusalimiana nao, na watu wote wamelala. Bura akasimuliwa hilo. Aliuza fahali, akaja Dongobesh kununua redio.

Duka la redio lilikuwa ubavuni mwa baraza langu. Wakala wa kampuni alikuwa Nicodemo, kijana wa kwetu aliyepelekwa Arusha kufundishwa kuongea na wateja, akarudi na tai. Kampuni yenyewe jina nalijua, silitaji, nisije nikaletewa samansi. Nicodemo akampa Bura redio kwa mikono miwili, na masharti juu yake. Usiifungue, nyuma kuna karatasi nyekundu, ikichanika tu kampuni haihusiki. Ikiumwa usimpe fundi wa barabarani, irudishe kwetu. Usiilishe betri za watu wengine, nunua zetu. Na hicho kifungo cha kutafutia stesheni usikiguse, nimeshakutegea.

Bura aliitikia kwa kichwa kila sharti. Masharti hayo aliyajua tangu anachunga ndama.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma lake. Anakukabidhi mmoja umtunze. Maziwa unakunywa wewe, samadi unapeleka shambani kwako, lakini ng'ombe ni wake. Humuuzi, humchinji, humpi mtu mwingine bila kumwambia mwenyewe. Akifa, unampelekea ngozi aikague, ajue hukumla kwa siri. Na ukimtunza vizuri kwa muda mrefu, mwenye mali akiwa na haya, siku moja anakupa mtamba uanze na wewe boma lako.

Sasa mtu aliyekulia hivyo, ukampa kitu ukamwambia usikifungue, usikilishe vingine, kikiugua nirudishie mimi, ataelewa nini? Bura alielewa kwamba kampuni imemkabidhi redio. Yule fahali aliyemuuza alimhesabu kuwa heshima kwa mwenye mali. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliona jambo liko wazi.

Kila akipita Dongobesh kwenda kwenye ngano au kurudi, anaingia dukani kutoa taarifa.

"Shikamoo, mzee," Nicodemo anasema.

"Marahaba. Yule ni mzima. Anakula vizuri, na sauti haijapungua."

Nicodemo akadhani mzee anamsifia bidhaa. Akaandika Arusha kwamba wateja wa Mbulu wameridhika sana, wakamletea kalenda.

Kule Tlawi redio iliwekwa kwenye kigoda chake, ikafunikwa kitambaa. Dada aliruhusiwa kuwasha na kuzima, basi. Kifungo cha stesheni alikatazwa hata kukipapasa, maana ni mali ya watu. Kwa hiyo alisikiliza stesheni moja tu, ileile aliyotega Nicodemo, kwaya, bei za mazao, matangazo ya vifo, na katikati ya hayo yote, saa. Hiyo ilimtosha. Uji ukawa wa asubuhi tena. Nikipanda kumwona ananieleza nani kafariki Singida na kahawa imepanda kiasi gani, mambo ambayo mimi mwenye macho sikuwa nayo.

Mwaka wa tatu, masika, redio ikanyamaza. Bura akanunua betri mpya, zile za kampuni. Kimya. Akairudisha kigodani, akaifunika vizuri, kama marehemu.

Nilipokwenda nilimkuta dada ameketi na bakuli la uji uliopoa. Akageuza uso nilikosimama.

"Fransiska, hii ni asubuhi au jioni?"

Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka. Nilijisikia vibaya sana. Nilitamani kumpiga mtu, sema sikujua nani.

Siku ya mnada Bura akashuka Dongobesh, redio ameifunga kwenye shuka. Akaingia dukani, nami nikaacha maandazi kwenye mafuta nikamfuata. Akamgeuzia Nicodemo redio mgongo.

"Amekufa," akasema. "Amekufa mikononi mwangu, lakini sikumfungua. Kagua."

Nicodemo akakagua karatasi nyekundu. Ilikuwa nzima.

"Pole, mzee. Tutaipeleka Arusha. Itachukua miezi, na matengenezo utalipia."

"Nilipie mimi?"

"Garantii ilikuwa ya mwaka mmoja. Imekwisha."

Bura akafikiri. Watu wa mnadani walishaanza kusogea mlangoni, maana kwetu mtu akijibiwa kitu akanyamaza, watu wanajua kuna jambo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimetunza miaka mitatu. Sikumwazima mtu. Nimemlisha chakula chenu tu. Nimekuja kutoa taarifa kila msimu, na wewe ulikuwa unaitikia. Sasa amekufa kifo cha kawaida, nimemleta na ngozi yake nzima. Sidai makubwa. Lakini pale juu naona kuna mdogo." Akaonyesha redio ndogo ya mkono kwenye rafu. "Kama mwenye mali ana haya, huyo ndiye mtamba wangu."

Hapo Nicodemo ndipo alipoelewa zile taarifa zote za miaka mitatu. Akacheka. Akatazama mlangoni, akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mzee, hukukabidhiwa. Ulinunua. Redio ni yako."

"Ni yangu?"

"Yako kabisa."

"Sema watu wasikie."

"Redio ni ya mzee Bura," Nicodemo akawaambia watu.

"Basi naweza kumfungua."

"Hapana. Ukiifungua kampuni haihusiki."

"Na nisipomfungua, inahusika?"

Nicodemo akalegeza tai. "Garantii imekwisha, mzee."

"Kwa hiyo haihusiki nikifungua, na haihusiki nisipofungua." Bura aliuliza taratibu, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. "Basi hilo katazo ni la nani?"

Nicodemo akaitazama kalenda ya kampuni ukutani. Hakufundishwa hilo Arusha.

"Shemeji," Bura akaniambia, "niazime kisu."

Nikampa kile cha kukatia mkate. Akapitisha ncha chini ya karatasi nyekundu, akaibandua yote bila kuichana, akaiweka mkononi mwa Nicodemo.

"Hiyo ndiyo ngozi. Mpelekee mwenyewe."

Akatoka. Fundi wa barabarani tuliyekatazwa, Felician, alikuwa anakaa ng'ambo ya pili tu, miaka yote hiyo. Akafungua, tukaona waya umeachia. Akauchomea kabla chai niliyomwekea haijapoa. Redio ikasema. Bura hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisimama pale akitazama ndani ya ile redio, vumbi na nyaya, na baadaye akasema, "Fahali wangu alikuwa mkubwa."

Tulipanda pamoja Tlawi jioni hiyo. Dada alisikia sauti ya redio tangu tuko uani.

"Wamekupa nyingine?"

"Ileile," Bura akasema. "Ila si ya kampuni. Ni yetu. Imekuwa yetu siku zote, hawakusema."

Dada akapapasa mgongoni mwa redio, akakuta pale penye karatasi pamebaki gundi tu. Bura akamshika vidole, akavipeleka kwenye kile kifungo cha stesheni.

"Zungusha."

"Mimi?"

"Zungusha, Efrazia."

Akazungusha kidogo, kwa woga. Ile stesheni yake ikapotea, akashtuka akataka kurudisha, Bura akamzuia. Ikapiga kelele za kukwaruza, halafu akaingia mwanamume wa Nairobi. Akazungusha tena. Wakaingia watu wa Burundi, ngoma za huko tusikokujua, mhubiri, mwanamke anacheka kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. Dada alikuwa ameinama mpaka sikio limegusa redio.

"Kumbe walikuwamo wote hawa?" akauliza.

"Walikuwamo," Bura akasema.

"Miaka yote hiyo?"

Bura akaketi chini kando yake. Dada akaendelea kuzungusha, polepole, hataki kumruka mtu, na machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyoona. Mimi nikalia pia. Kisha nikamtukana Nicodemo, ambaye hakuwepo.