Nyumba ya Hooyo Ndani ya Ukuta

Msomaji, kwanza niwie radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na tahajia yangu hukosea, kwa sababu shule niliiacha darasa la nne na tangu hapo mkono wangu umeshika mwiko kuliko kalamu. Naandika polepole. Naandika neno, nalitazama, ndipo naandika la pili. Nikiwa na watu mimi hutazama chini na sauti hunipotea. Lakini karatasi haina macho, kwa hiyo hapa nitasema.

Nataka kueleza jinsi mama yangu alivyopata leseni ya kuuza chai na anjera, mkate wetu mwembamba, hapa Garissa, wakati wa vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, na jinsi leseni hiyo ilivyomfanya baba yangu asituone.

Sisi ni watu wa ngamia. Nyumba yetu ilikuwa ya fito zilizopindwa na mikeka juu yake, na kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, aliipata alipoolewa. Fito walimkatia watu wake, na mikeka aliisuka mwenyewe pamoja na dada zake. Walikuwa wakitafuna maganda ya mgunga mpaka yawe laini kama uzi, na aliniambia fizi zao zilikuwa zikitoka damu. Mkeka mmoja, ule wa mlangoni, ulikuwa na mistari miwili myekundu, na pembeni kiraka cha nguo ya buluu pale mbuzi alipoutafuna. Tukihama, Hooyo hubomoa nyumba asubuhi, baba huifunga mgongoni mwa ngamia, na jioni nyumba husimama mahali pengine. Kwa hiyo mtu wetu akiona nyumba imebomolewa hahitaji kuuliza. Wenyewe wamehama.

Vita vilipozidi, watu wa porini waliamriwa wakae katika manyata iliyozungushiwa ua, karibu na mji, langoni askari. Asiye na kipande, yaani kitambulisho, hapiti, na jua likizama hakuna kutembea. Ngamia wetu wengi walichukuliwa. Kabla hatujaingia, baba aliondoka na majike machache yaliyobaki ili ayafuatishe mvua. Alimwambia Hooyo, "Sitauliza jina la mtu, siku hizi jina ni hatari. Nitautafuta mkeka wako." Kisha akaugusa ule mkeka wa mlangoni kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto, akaenda.

Ndani ya manyata hakukuwa na maziwa ya kutosha. Tulikuwa na posho, nayo haikutosha. Hooyo akaanza kupika anjera mbele ya nyumba na kuchemsha chai katika sufuria, mimi nikimimina. Watu walikuja, hata askari walikuja. Siku moja askari wa soko akapiga teke sufuria yetu. Chai ikaingia mchangani.

"Leseni iko wapi?" akauliza.

Hooyo alinitazama. Katika nyumba yetu ni mimi tu niliyejua Kiswahili, kile cha darasani. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, mimi ninayeogopa hata kumwambia mtu kwamba amekaa juu ya shuka langu.

Tukaenda kwa Bwana Afya, yule anayekagua mahali pa chakula. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, na kila mara alikuwa akijifuta jasho shingoni kwa leso. Alikuja mwenyewe kuona. Akachungulia ndani ya nyumba yetu akiwa ameinama, kofia ikaanguka, mbuzi akainusa.

"Mwambie mama yako," akasema, "hapa siwezi kutoa leseni. Chakula cha kuuzwa kwa watu hakipikwi mahali watu wanapolala. Lazima kuwe na kuta, zipakwe chokaa. Sakafu ya saruji. Hili ni vumbi."

Nikamwambia Hooyo. Hooyo akasema, "Mwambie vumbi ni la Mungu na anjera ni yangu, na hakuna aliyewahi kupata vumbi katika anjera yangu."

"Anasema sawa," nikamwambia Bwana Afya.

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Amesema maneno mengi kupita sawa, binti. Haya, mwambie na mengine. Choo, chenye mlango. Kabati la wavu, nzi wasiguse chakula. Maji ya kunawa na sabuni. Na yeye mwenyewe aende hospitali apimwe, apewe kadi."

"Apimwe nini?" Hooyo akauliza nilipomweleza.

"Damu. Na kifua. Wanataka kujua kama una ugonjwa."

"Nina ugonjwa wa njaa," alisema. "Hata yeye anaweza kuupima kwa macho."

Hilo sikulifasiri.

Alikwenda hospitali akiwa amejifunika mpaka puani, akatolewa damu, akapewa kadi. Tulipewa nafasi ndani ya ua, kando ya barabara, upande wa lango, mbali na pale nyumba yetu ilipokuwa. Saruji kidogo tuliipata kwa mwenye lori aliyekuwa akipenda chai yetu. Mabati tulipasua madebe tukayanyoosha kwa mawe. Udongo ulikuwepo. Kilichokosekana ni miti. Ukuta wa udongo hausimami bila fito ndani yake, na nje ya ua hakuna aliyeruhusiwa kwenda kukata mti. Waliojaribu walirudishwa wakiwa wamepigwa, na mmoja hakurudishwa.

Wadogo zangu wawili walikuwa wamekonda, yule mdogo zaidi akianza kubadilika nywele rangi kwa njaa. Mwishowe Hooyo akasema, huku akipembua mchele wa posho, "Fito zipo. Tumelala chini yake."

"Zikikatwa hazitapinda tena, Hooyo."

"Najua. Nyumba iliyokatwa haipandi ngamia." Akapembua tena. "Wala hatuna ngamia."

Asubuhi alipoanza kufungua kamba, wanawake wa nyumba za karibu walikuja mbio. Kwao hiyo ilikuwa habari kubwa.

"Mnahamia wapi?" jirani yetu mmoja akauliza, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye alikuwa rafiki wa Hooyo tangu usichana. "Lango limefungwa, ngamia hakuna. Utapakia nyumba juu ya mgongo wa Bwana Afya?"

"Mgongo wake unatosha," Hooyo akajibu. "Hata wewe angekubeba."

Wakacheka wote. Kisha Hooyo alipochukua shoka na kukata ufito wa kwanza, yule jirani alikaa chini, akavuta shuka lake usoni. Nilikuwa nikizipanga fito zilizokatwa, na zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka yote, zinanukia maziwa na uvumba, harufu ya kulala kwetu. Tulizibeba kichwani mpaka kando ya barabara, tukazisimamisha, tukazifunga, tukazikandika udongo. Jioni hazikuonekana. Juu ya udongo tukapaka chokaa. Ukitazama ni ukuta mweupe tu.

Palipokuwa na nyumba yetu pakabaki duara la mashimo madogo ardhini.

Mikeka tuliikunja. Ule wa mistari miwili Hooyo aliutundika mlangoni mwa hiyo hoteli yetu mpya ya chai, kwa nje, upande wa manyata. Aliupanga vizuri kiraka kionekane.

Bwana Afya akaja kukagua. Alipiga sakafu kwa kisigino, akafungua choo akafunga, akanusa kabati la wavu. Alifurahi kweli, nilimwona. Mpaka alipofika mlangoni.

"Huu mkeka utolewe. Mlango wa jikoni ni wa mbao au wa wavu. Mkeka unashika vumbi na wadudu."

Nikamwambia Hooyo, na safari hii hakufanya mzaha. Akasema, "Mwambie mkeka huu si wa jikoni. Ni wa mtu."

Niliona haya. Sikujua jinsi ya kusema jambo hilo kwa Kiswahili cha darasani, tena kumtaja baba aliye porini mbele ya mtu wa serikali kulikuwa hatari. Nikasema, "Anauliza kama anaweza kuuacha kidogo."

"Nikiuacha, mkubwa wangu akipita ananilaumu mimi. Hebu autoe mpaka leseni itoke. Ikishatoka na mlango wa mbao umewekwa, atundike ukutani huko, kama pambo. Sitamzuia."

Alisema kwa wema. Sina neno baya juu yake. Hooyo akautoa mkeka, akaukunja, akauweka chini ya kitanda cha kamba katika chumba cha nyuma, kilichotengwa na jiko, tulimokuwa tukilala. "Siku chache tu," akasema.

Leseni ilichelewa. Kila nilipokwenda kuuliza nikiwa nimeinamisha kichwa, karani alikuwa akiniambia bado haijatiwa sahihi. Tulikaa na hoteli nyeupe, safi, isiyoruhusiwa kuuza hata kikombe kimoja, na mkeka chini ya kitanda.

Ilipotoka, Hooyo aliishika kwa mikono miwili ingawa hakuweza kuisoma. Bwana Afya alikuja kutueleza kwamba sheria inataka leseni itundikwe ukutani mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Tukaitundika. Kisha Hooyo akaenda chumba cha nyuma, akautoa mkeka, akaupangusa, akautundika nje, juu ya mlango.

Siku ile ile ya kufungua watu walijaa. Alikuja pia mwanamke mmoja mgeni, aliyeletwa manyata siku zile tulipokuwa tukijenga, na nyumba yake iliwekwa karibu na lile duara la mashimo yetu. Hakuwa amerudi upande wa lango tangu aletwe. Alinunua anjera kwa ajili ya wanawe, akageuka kuondoka, akasimama mlangoni.

"Mkeka huu," akasema. "Subhanallah. Mistari miwili na kiraka cha buluu."

Hooyo aliweka birika chini.

"Juma lililopita kuna mwanamume alikuja akiuliza mkeka huu huu," yule mgeni akasema. "Aliingia jioni pamoja na mbuzi waliokuwa wakirudi, akajificha kati yao. Alikuwa amesimama penye yale mashimo, anayatazama. Akaniuliza, walioishi hapa wako wapi? Nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu nyumba ikibomolewa siku niliyofika. Nikamwambia, walibomoa nyumba, wamehama."

Hooyo akamsogelea.

"Akauliza, wamehamia wapi? Nikasema sijui, dada yangu, wallahi sikujua. Ila nilikuwa nimesikia watu wengi wameruhusiwa kushuka upande wa Ijara kwa jamaa zao. Nikamwambia, labda Ijara."

Hooyo akauliza, "Alikuwa na viatu?"

"Alikuwa na ndara za ngozi. Moja imekatika, ameifunga kwa kamba."

"Alikunywa kitu?"

"Nilimpa maziwa, akanywa akiwa amesimama. Jua lilikuwa linashuka. Hakuwa na kipande, hangeweza kulala ndani." Yule mwanamke akaanza kulia. "Nimekosa nini, abaayo, dada yangu? Nyumba iliyobomolewa ni watu waliohama. Wewe ungesema nini?"

"Ningesema hivyo hivyo," Hooyo akasema. Akachukua birika akammiminia chai, akakataa malipo yake. Kisha akaendelea kuwamiminia wengine. Mimi ndiye niliyekwenda nyuma, nikaweka paji la uso kwenye ukuta.

Nimewaza sana njia aliyopita kutoka. Hakuna njia nyingine ila langoni, kupitia kando ya hoteli yetu. Askari walikuwa wakikaa hapo karibu, bila shaka alijibanza kwenye kivuli cha ukuta wetu mpaka wageuke. Mle ndani zilikuwamo fito alizozifunga mgongoni mwa ngamia katika kila safari ya maisha yake, nazo zimepakwa chokaa. Na mimi labda nilikuwa upande wa pili, nasugua sakafu isiyo na vumbi.

Tulituma salamu Ijara kwa wenye malori na wafanyabiashara wa ng'ombe. Mmoja alisema alisikia habari za mtu mmoja aliyeonekana njiani peke yake, bila ngamia. Mwingine alisema hapana. Wakati ule njiani kulikuwa na risasi za pande zote mbili, na mtu peke yake alikuwa adui wa wote. Hatukuletewa mwili, wala kiatu.

Wadogo zangu wamenenepa. Nywele za yule mdogo ni nyeusi tena. Leseni hiyo ndiyo iliyowalisha, na Hooyo hasemi vinginevyo. Kila inapokwisha muda Bwana Afya huja, hula anjera, husifu sakafu, na hutupatia nyingine. Hupita chini ya mkeka akiinamisha kichwa, na hajawahi kuuliza ni wa nani. Mlango wa mbao tunao, lakini Hooyo haufungi mchana.

Msomaji, wewe unayeishi upande wa Ijara, au uliyepita njia ile miaka ya vita, au ambaye una jamaa huko anayekumbuka: alikuwa mrefu, sikio la kushoto limechanika nchani, ndara moja ina kamba. Kama alikuuliza mkeka wa mistari miwili myekundu, au kama ulimpa maji, au kama wewe ndiye uliyemzika, tafadhali tuandikie. Umpe barua dereva yeyote anayekuja Garissa, aulize hoteli ya mama muuza anjera karibu na lango la zamani. Usione haya kwa mwandiko. Mstari mmoja unatosha, hata ukiwa mbaya kama wangu. Nitausoma polepole, na nitamfasiria Hooyo kila neno, bila kuacha hata moja.