Mke Mwenza wa Dizeli

Kama kuna mzigo mwepesi duniani, basi ni godoro la sponji. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujitwika moja akalifikisha kwao, tabu yake ikiwa ni upepo tu. Na huo ndio mzigo ambao Baba Sponji ameuza maisha yake yote, akiusambaza kwa mkokoteni, hadi siku aliposhikwa na hamu ya kuwa na gari lake mwenyewe. Mkewe, ambaye ndiye anayeshona mifuko ya hayo magodoro, alimshauri atafute kigari kidogo chenye paa. Baba Sponji akaitikia vizuri kabisa, akavaa viatu, akaenda akanunua pikapu kuukuu ya dizeli yenye nguvu ya kuvuta nyumba pamoja na wapangaji wake.

Usimlaumu sana. Dalali aliyemuuzia alikuwa na ulimi wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe. Alisema gari limetoka machimbo ya kokoto, kwa hiyo limezoea shida. Alisema injini haijawahi kufunguliwa, na hapo hakudanganya, maana haikufunguliwa hata pale ilipostahili. Alisema magurudumu yote manne yanasukuma, na hapo alidanganya wazi, kwa sababu yale ya mbele yalikwisha jiuzulu zamani. Baba Sponji alilizunguka gari akiwa amekunja uso, akapiga tairi teke kama alivyoona wanaume wanaojua magari wakifanya, akaumia kidole, akasema hapa pana chuma.

Ukweli ni kwamba alikwisha penda. Baba Sponji ni mfupi. Aliposhika usukani akajivuta juu na kuketi, aliona utosi wa dalali, na tangu azaliwe hakuwahi kuona utosi wa mtu mzima aliyesimama. Basi, biashara ikaisha hapo hapo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine moyoni mwake, na hili sitanii. Miaka yote ile ya mkokoteni, yeye alivuta mbele na mkewe alisukuma nyuma, jua likiwaka, watoto wakiwa mgongoni kwa zamu. Siku moja kwenye mlima, mkewe akihema, Baba Sponji alimwahidi kwamba ipo siku atakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, asisukume kitu. Mama alicheka tu. Yeye hakucheka. Alinunua gari zima kwa ajili ya kile kiti kimoja.

Pikapu iliingia uani jioni ikiunguruma mpaka vyombo vikacheza kabatini. Ikatema moshi mmoja mzito, ukatua juu ya nguo nyeupe zilizoanikwa. Mkewe akatoka, akaizunguka mara moja, akasema, "Karibu, mke mwenza," akarudi ndani. Baba Sponji aliona utani huo ni dalili njema. Akaenda kuoga akiimba.

Asubuhi yake alifungua mlango wa abiria, akapangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akamwita mkewe waende wote dukani kwao. Mama alikuja na kikapu chake. Alikuwa mwanamke mfupi na mnene, mwenye mwendo wa kujiamini, na akikutazama unajua umetazamwa. Akalitazama lile gari kuanzia chini mpaka juu.

"Mimi na hili gari lako," akasema, "kila mtu na njia yake."

Akaenda kwa miguu. Kesho yake akaenda kwa miguu. Baba Sponji akawa anapita barabarani peke yake, kiti cha pembeni kitupu, na roho inamuuma kweli kweli. 

Akaanza kutafuta sababu. Kwanza aliona ni ule moshi na nguo nyeupe, akalipeleka gari kwa fundi, fundi akageuza bomba la moshi likaelekea upande wa pili. Kuanzia hapo moshi ulikuwa unaingia kwa kinyozi, jirani yao, na wateja wake wakatoka wamenyolewa na kukaushwa kwa pamoja. Mkewe hakupanda. Akaona labda ni kelele. Basi kila asubuhi akawa analisukuma gari mpaka nje ya lango kwa bega lake mwenyewe, jasho likimtoka, kusudi aliwashie mbali. Mkewe alimwangalia dirishani akinywa chai. Hakupanda. Akaona labda ni harufu ya dizeli, akatundika manukato ya gari mengi mpaka yeye mwenyewe akawa anaendesha huku anapiga chafya. Mwisho akachukua kitambaa bora kabisa cha dukani, kile cha maua, akakivisha kiti. Mama akakitambua kitambaa chake kutoka ng'ambo ya barabara.

"Naona mke mwenza anavalishwa," akasema, akapita.

Kinyozi, ambaye kwa sababu ya moshi alikuwa na haja kubwa ya kuona jambo hili limekwisha, alimpa ushauri: wanawake wanaogopa mwendo kasi. Baba Sponji akaona hilo ndilo hasa. Siku iliyofuata akaliendesha gari sambamba na mkewe, yeye juu, mama chini kando ya barabara na kikapu chake, mwendo mmoja. Walizungumza vizuri mno, habari za nyuzi, habari za zipu zinazokwama, habari za mtoto wao aliyeolewa mbali. Nyuma yao foleni ya magari ilikuwa imefika kwenye mzunguko, inapiga honi na kutukana. Walipofika dukani mama akamuaga vizuri na kumwambia asante kwa kampani. Hakupanda.

Gari lenyewe nalo lilikuwa na vituko vyake. Springi zake zilitengenezwa kwa mawe, sasa zimeletewa sponji. Likienda na magodoro matupu lilikuwa linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na kila tuta lilikuwa linamnyang'anya Baba Sponji godoro moja. Fundi alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka akijifuta mikono, akasema gari halina ugonjwa wowote, lina njaa ya mzigo tu. Kwa hiyo Baba Sponji akapanga mawe makubwa nyuma, kisha magodoro juu yake. Ikawa watu wanamwona mtu mzima anatembeza mawe yale yale mjini kila siku, anayapeleka na kuyarudisha, na wengine wakaanza kumhurumia.

Ndipo ikaja kazi ya shule ya bweni iliyo juu mlimani. Matroni alitaka magodoro mapya kabla wanafunzi hawajafungua shule. Mzigo wa kwanza ulifika una matope ya mawe, na matroni akasema waziwazi kwamba yeye aliagiza magodoro, hakuagiza msingi wa nyumba. Baba Sponji akaona haya. Mzigo wa pili akashusha mawe yote, akapakia magodoro masafi mpaka juu, akayafunga kwa kamba, akaondoka. Mkewe alikwisha tangulia na furushi la mifuko kichwani, akipita njia ya mkato, kwa miguu kama kawaida yake.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye kona ya mwisho, ile yenye ukingo mrefu wa udongo pembeni, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Baba Sponji akakanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa hasira, magurudumu yakazunguka pale pale yakirusha tope. Gari likarudi nyuma taratibu, likaegemeza tako lake kwenye ukingo, likatulia kama limefika nyumbani. Walikuwa wanapita mafundi wawili wa kupiga plasta, akawaomba wasukume. Wakatazama tope, wakatazama nguo zao, wakasema wangependa sana lakini wanawahi. Hata hivyo walikaa pale kutazama.

Juu ya ukingo akatokea mama na furushi lake. Akasimama, akamtazama mumewe aliyelowa tope mpaka nyusi, akawatazama wale mafundi, akatazama gari.

"Linataka nini?"

"Uzito," alisema Baba Sponji kwa unyonge. "Nyuma hakuna uzito."

Ukingo ulikuwa kimo kimoja na magodoro ya juu. Mama akarusha furushi juu ya magodoro, akapiga hatua moja tu kutoka kwenye udongo, akawa juu yake, akaketi barabara pale penye magurudumu. Springi zikalia kwa furaha. Kisha akawageukia wale mafundi na kuwauliza wanangoja mwaliko wa maandishi au vipi. Walipanda mara moja, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mifuko yao ya vifaa.

Baba Sponji akatia gea. Magurudumu yakashika. Gari likapanda mlima bila kuruka hata mara moja, mama juu ya magodoro akipepewa na upepo, akiitikia salamu za watu. Kwenye kioo Baba Sponji alikuwa anamwona, na alifurahi, lakini si furaha kamili. Amepanda, ndiyo. Kapanda nyuma kama mzigo, na kiti chake cha maua bado ni kitupu.

Shuleni uwanja ni sawa, umesakafiwa. Mafundi wakaruka chini, wakaambulia shukrani, wakasahau kwamba walikuwa wanawahi. Wakasaidia kushusha. Mama hakushuka. Alisema anasimamia kazi. Godoro alilokalia lilipotakiwa alihamia jingine, na hilo nalo likitakiwa anahamia jingine, akiwaelekeza watu mambo ambayo hayakuhitaji maelekezo. Hatimaye yakabaki magodoro machache tu, na yeye katikati yake. Matroni akamkaribisha ndani kwenye chai. Mama akajibu kwamba amechoka na viti, anataka kupunga upepo kidogo. Matroni akaingia ndani na mafundi, akiwa na mashaka.

Baba Sponji akasogea, akamnyooshea mkono.

"Mama watoto, shuka basi."

"Sishuki."

"Nimekukosea nini?"

Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama karibu na sikio lake.

"Sijui kushuka," akanong'ona. "Kama nisivyojua kupanda."

Baba Sponji hakuelewa, ikabidi aelezwe. Jioni ile gari lilipofika, yeye alipokuwa bafuni anaimba, mama alivaa gauni lake zuri, akachukua mkoba, akatoka uani. Alitaka mumewe akitoka kuoga amkute amekaa mbele, mikono mapajani, kama alivyoahidiwa kwenye mlima. Hakuwa amesahau. Akafungua mlango, akainua mguu mmoja ukafika, mguu wa pili ukakataa. Akatafuta pa kushika. Kishikio cha upande wa abiria kilikuwa kimeng'oka, tena inaelekea huko huko machimboni. Akabaki ananing'inia mlangoni, gauni limenasa, mguu mmoja mbinguni, kuku wawili wanamtazama. Aliponasuka alianguka chini na mkoba wake. Akajipangusa, akaingia ndani, akarudi cherehani. Mtu mzima kama yeye angesema nini? Ilikuwa rahisi zaidi kuitwa mwenye wivu.

Baba Sponji alikumbuka moshi, akakumbuka manukato, akakumbuka bega lake lililokuwa linasukuma chuma kila asubuhi. Yeye huingia kwa upande wa usukani, anajivuta, anakaa. Upande ule mwingine hakuwahi kupanda hata siku moja. Alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akameza kicheko. Kisha ni mama mwenyewe aliyeanza, kimya kimya, mabega yakitikisika, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikilia gari.

Akachukua yale magodoro yaliyobaki, akayapanga chini nyuma ya gari, matatu, kisha mawili, kisha moja, yakawa ngazi. Mama akashuka kwa heshima zake zote, akizama kila hatua, bila kuharakishwa. Matroni alitazama dirishani magodoro yake mapya yakikanyagwa, akafungua mdomo, akaufunga. Wako wanawake ambao hata matroni hawasemi nao.

Halafu Baba Sponji akaufungua mlango wa mbele, ule wa abiria. Hakuwa na ngazi ya kubeba garini, magodoro yalikwisha uzwa. Akapiga goti moja kwenye sakafu ya uwanja, akaweka lile goti jingine mbele kama kigoda, akalipigapiga kwa kiganja.

"Kanyaga hapa."

"Nitakuvunja."

"Kanyaga, mama."

Mama akamtazama yule mumewe mwembamba aliyejaa tope. Akashika utosi wake kwa mkono mmoja, akakusanya gauni kwa mkono mwingine, akakanyaga. Ndani ya goti kitu kililia. Baba Sponji akauma meno, akatabasamu huku ameyauma. Mguu wa pili ukafika, na mama akaketi juu ya maua yake, akaweka mikono mapajani, akavuta pumzi.

Walishuka mlima polepole. Mama alikuwa anatazama nje, anaona mapaa ya watu, anaona utosi wa kila apitaye, na akasema tu kwamba kumbe huku juu kuna hewa. Akaomba wapite kwa kinyozi, tena taratibu, akaongeza kwamba mumewe akitaka anaweza kupiga honi. Baba Sponji akapiga honi. Goti liliwaka moto kila alipokanyaga klachi, na hajawahi kuendesha gari kwa raha namna ile.