Ulimi wa Ines

Jirani yangu Orfeo Zanandrea alinigongea mlango kabla sijanywa hata chai, chupa ya divai ameikumbatia kifuani.

"Glenys, washa gari. Nipeleke Omeo."

"Omeo? Tuvuke milima yote ile! Kuna nini?"

"Kwa Delfina, shemeji yangu. Nataka aonje."

Nikaiacha chai. Januari, moto wa msituni ulitulaza bondeni siku kumi na moja chini ya moshi, zabibu ndiyo kwanza zinageuka rangi. Moshi hujificha ndani ya tunda. Ukila zabibu huuoni. Ukinywa divai yake unakuja baada ya kumeza, kama umelamba jivu. Kwa hiyo wakulima tunaponda zabibu kidogo kwenye ndoo, zikichachuka tunaonja. Maabara ilikuwa na foleni ya wiki tatu, na zabibu hazimngoji mtu.

Orfeo aliletwa hapa bondeni kutoka Italia akiwa na miaka tisa. Alilima tumbaku mpaka ikakosa mnunuzi, akaing'oa, akapanda mizabibu yeye na mkewe Ines. Ila ulimi wake hausikii moshi kabisa. Wapo watu walioumbwa hivyo. Muonjaji alikuwa Ines, na alimtania mbele ya watu: "Huyu mpe jivu na maji, ataomba kikombe cha pili." Julai iliyopita Ines aliipogoa mizabibu yote kwa mkono wake, akiyapunguza matawi ili izae. Septemba tukamzika.

Alhamisi Orfeo aliniletea divai ya ndoo nionje. Nikameza, nikangoja. Jivu tupu! Nikautazama uso wake, nikasema, "Safi, mzee." Mungu anisamehe. Mimi, ambaye bonde zima linanijua kwa mdomo usio na breki, siku ile mdomo ulinishinda.

"Wewe umesema safi," aliniambia tukiwa njiani. "Dada yake Ines naye akisema safi, kesho naita wavunaji."

Tukapita miji ya Myrtleford na Bright, tukaanza kupanda. Huko juu miti iliyoungua miaka ya nyuma imesimama myeupe, imekufa, kilima baada ya kilima.

"Unaendesha kama umebeba maiti," akasema.

"Basi shika usukani wewe, na hayo macho yako!"

Akacheka kidogo. Mara mbili nilitaka kusimama nimwambie, na mara mbili nikakanyaga mafuta. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na kona mia, na bado ilifika.

Delfina alitupokea mlangoni. "Shemeji, umekonda hivi! Huli?" Orfeo akamimina divai kwenye glasi ndogo za kahawa. Delfina akanywa, akafumba macho, akangoja. Mimi nilitazama sakafu.

"Imeingia moshi, shemeji," akasema. "Usivune." Akaanza kulia. "Nisamehe. Nikikudanganya, Ines hatanisamehe."

Orfeo alimpa leso yake. Alikunywa kahawa, akala kipande cha keki kwa adabu, akaniambia twende.

Wakati wa kurudi, tulipofika kilele cha mlima Hotham, aliniomba nisimamishe gari.

"Ulijua tangu Alhamisi."

"Nilijua."

"Kwa nini, Glenys?"

"Nilikuonea huruma."

"Ines hakunionea huruma hata siku moja," akasema. "Ndiyo maana nilimwamini."

Lo! Nimetukanwa na wengi, wala sijali. Hilo liliniingia mpaka mfupani. Nililia nimeshika usukani, na yeye akaniacha nilie.

Tukaanza kushuka. Karibu na Harrietville akasema, "Wavunaji wasije. Zabibu zianguke zenyewe. Ila mstari ule wa karibu na nyumba nitauvuna."

"Mzee, ni jivu tupu! Nani atakunywa?"

"Mimi. Mimi siusikii moshi."

Zabibu zile zimezaliwa na mizabibu aliyoipogoa Ines kwa mara ya mwisho.

Asubuhi nilikwenda na mkasi wangu bila kuitwa. Alinitazama, akanisogezea ndoo. Tulivuna mstari mmoja mpaka mwisho, tukapata divai pipa moja, nalo halionji mtu mwingine yeyote. Kila Jumapili Orfeo humimina glasi mbili mezani. Hunywa yake, kisha hunywa ya Ines.