Jumapili za kitabu cha magari ya sport kwa Mzee Laurent

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imetokea hapa hapa Bujumbura, na chumvi sitaongeza.

Miaka mingi, kila Jumapili baada ya misa, tulikuwa tunakutana Kinanira kwa Mzee Laurent, mwalimu mstaafu. Mimi, yeye na Désiré, Mkongomani wa Uvira anayeuza spea Mutakura.

Tunakunywa chai, tunafungua kitabu kikubwa cha Mzee, cha Kifaransa, historia ya magari ya sport ya zamani. Kuyanunua hatuna ubavu, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kubishana.

Lipi lilikuwa kali kuliko yote? Mzee: lile jekundu la Kitaliano. Désiré: la Kijerumani, lenye injini nyuma. Mpaka chai inapoa.

Nazikumbuka hizo Jumapili wakuu, acheni tu.

Mwaka jana Mzee akapata stroke. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka kwa shida.

Basi tukawa waungwana. Akinyooshea kidole lile la Kitaliano, tunaitikia, "Ndiyo, Papa." Hata Désiré, mbishi yule, "Ndiyo, Papa."

Taratibu akaacha hata kutazama picha.

Halafu siku moja binti yake, Aline, akatuambia mlangoni, "Papa anasema mubebe kitabu. Mi naona bageni banamuchosha."

Iliniuma sana. Bila kile kitabu, hatukuwa na sababu ya kurudi pale.

Désiré alikibeba, akafika getini, akageuka. Akaenda kukifungua mapajani kwa Mzee.

"Papa, mi nabeba. Lakini ujue, iyi gari ya Kitaliano ni rangi tu. Mvua moja ya hapa, inazimika."

Nilitaka kumvuta shati.

Mzee akakunja uso. Akakipiga kitabu kwa mkono wa kushoto.

"A... apana."

Tukasubiri.

"We... unauzaka spea ya... Probox. Unajua nini?"

Désiré alicheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nililia, sioni aibu kusema. Aline akaenda kuchemsha chai.

Kitabu bado kiko Kinanira, na maneno ya Mzee yanaongezeka kidogo kidogo, mengi yakiwa ya kumtukana Désiré.

Nilichojifunza: tulidhani tunamhurumia, kumbe tulikuwa tumeshamzika akiwa hai. Mgonjwa wako mpe dawa, mpe uji, ila usimnyime ubishi wake.

Haya wapenzi wa magari, la Kitaliano au la Kijerumani? Mwageni hoja hapa chini, Jumapili namsomea Mzee comments zote.

Msimwonee huruma.