Suruali Inayompwaya Kabari

Saa moja kasoro asubuhi, pembeni mwa shamba la miti, Kabari anatandaza gunia na kupanga vitu vyake: kofia ngumu yenye wavu wa uso na vikinga masikio, glavu, kishoka, tupa ya kunolea na kabari mbili za plastiki za kupenyeza kwenye mkato wa mti. Kisha anavuta juu suruali yake ya kinga. Imeshikiliwa mabegani kwa mikanda miwili na bado inampwaya.

"Leo umehamia na hema lako?" mpakiaji mmoja wa magogo anamtania.

"Karibu ndani, kodi nafuu," anajibu, na wenzake wanaangua kicheko.

Ana miaka thelathini na mmoja. Jina hilo la utani alilipata hapahapa kazini, kwa sababu ni mfupi, mpana wa mabega, na akishajipenyeza mahali hang'oki. Kwa miaka sita alikokota matawi ya miti iliyoangushwa na wengine. Mkata miti hulipwa mara tatu ya mkokota matawi, naye alichoka kukokota. Wiki hii ndiyo kwanza anakata mti uliosimama, mwanamke pekee kati ya wakataji kumi na wanne.

Anaishi na mama yake, fundi cherehani mwenye miaka sitini na miwili, katika vyumba viwili ambavyo kimoja kimejaa vitambaa. Mama hakuipenda kazi hii tangu mwanzo.

"Nimezaa mmoja tu," anasema bila kuzungukazunguka. "Sina wa akiba."

Siku ya kununua vifaa, Kabari alikwenda dukani na fundi anayemfundisha kazi, mkata miti mzoefu mwenye kovu baya pajani. Macho ya Kabari yote yalikuwa kwenye msumeno mpya wa mnyororo. Fundi akamshika mabega, akamgeuza upande wa pili.

"Msumeno nitakuazima," akamwambia. "Mguu nitakuazimia wapi?"

Alimjaribisha buti zenye chuma vidoleni mpaka muuza duka akaanza kupiga miayo. Alimvisha glavu, akamwambia aokote msumari sakafuni. Aliposhindwa, akamletea ndogo zaidi. Kabari za chuma alizirudisha rafuni, maana mnyororo ukizigusa, meno yake kwisha habari.

Taabu ilikuwa suruali. Ndani yake mna nyuzi ndefu zilizolala huru. Mnyororo ukigusa mguu, nyuzi hizo huchomoka, huuzonga msumeno na kuusimamisha papo hapo. Lakini hata iliyokuwa ndogo kuliko zote ilishonewa mwanamume mrefu, na ilimlia Kabari akiba ya miezi mitano.

Kesho yake, Kabari akiwa kazini, mama yake aliipitisha kwenye cherehani. Aliipunguza mapajani na miguuni, akapiga mshono mara mbili ili iwe imara. Alivunja sindano nne.

"Ilinikaa kama nimezaliwa nayo," Kabari anakumbuka. "Nilijiangalia kwenye kioo mpaka nikaona haya."

Asubuhi iliyofuata kazini, fundi wake aliuona mshono hata kabla ya salamu.

"Nani ameshona hapa?"

"Mama."

Akaupitishia kidole. "Mwambie mama ana mkono mzuri sana," akasema. "Ila leo msumeno huushiki."

Kabari alirudi nyumbani hajui aanzie wapi. Alipoeleza, mama hakubisha. Alichukua mkasi, akaichana suruali pajani, akashika uzi mmoja mweupe na kuuvuta. Ukatoka, ukazidi kutoka, hadi ulipofika kwenye mshono wake. Hapo ukagoma. Akavuta tena, ukagoma tena.

"Kumbe hizi ndizo za kukulinda," akasema, "na mimi nimezifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

Akalia kwa uchungu. Kabari alitaka kumwambia si kitu, lakini naye machozi yakamtangulia.

Alirudi kukokota matawi kwa wiki kumi. Fedha za suruali ya pili walichanga wote wawili, mama yuleyule aliyekuwa akiipinga kazi hii akitoa nusu. Safari hii alishona vifungo vya mikanda kiunoni tu, tena baada ya kumwita fundi aje amchoree kwa chaki mahali sindano inaporuhusiwa kupita.

Tangu Jumatatu Kabari ameshaangusha miti saba. Anapanga mwakani aunde kikundi cha wanawake watatu, wachukue kazi zao wenyewe. Jioni, nyumbani, anasema atanunua suruali tatu kwanza. Msumeno hata wa kukodi utatosha.

Mama yake, anayepima sare ya mteja, anainua kichwa.

"Na zikiwa kubwa?"

"Zipwaye, mama."

"Zipwaye," mama anaitikia, akirudi kwenye futi yake. "Mradi unarudi nazo."